Tuzo za maigizo zisimpe Mmeru kicheko na kumnyima kilio

Msimu wa tamasha la maigizo ukibisha hodi, simu yangu huwa haitulii. Walimu niliowahi kuwafundisha chuoni, ambao sasa wanafundisha Nkubu, Chuka, Runyenjes na Siakago, hunipigia wakitaka kujua jambo moja: "Prof, majaji wa mwaka huu wanataka nini?" Huwajibu kwamba niliacha ujaji kitambo, na yaliyo vichwani mwa majaji wa sasa siyajui. Hawaniamini. Majuzi mmoja alinipigia kutoka upande wa Embu akaliweka swali wazi zaidi. Ana msichana wa Kidato cha Tatu mwenye kipaji cha kuigiza ambacho hajakiona kwa miaka mingi, lakini, kwa maneno yake, "lafudhi yake ni ya nyumbani kabisa". Je, ampe nafasi ya mhusika mkuu, au amweke nyuma na wanakwaya asije akaipotezea shule alama?

Nilimwambia anipe wiki moja nifikirie. Nimefikiria, na naona ni heri nijibu hapa gazetini kwa sababu swali hilo linawahusu wengi. Ila siwezi kulijibu kwa uaminifu bila kwanza kukiri kosa langu mwenyewe.

Tamasha letu la kitaifa la maigizo ya shule na vyuo lilianza mwaka 1959, wakati wa ukoloni, na lugha ya jukwaa ilikuwa Kiingereza. Kiswahili kilikuja kuingia baadaye na kujitafutia kiti. Leo ni tamasha kubwa mno. Hupanda ngazi kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, kisha kanda, kisha taifa, na Aprili 2024 fainali za kitaifa zilitua hapa kwetu Embu. Kwa kijana wa shule ya kutwa huko Mbeere au Tharaka, kupata cheti na kombe kwenye jukwaa hilo ni jambo la kukumbukwa hadi uzeeni. Wapo waigizaji na watangazaji wengi nchini ambao mlango wao wa kwanza ulikuwa tamasha hili. Basi anachokituza jaji, na anachokiadhibu, si jambo dogo.

Tunapobishana kuhusu tamasha hili, mara nyingi tunabishana kuhusu siasa. Aprili 2025 nchi nzima iliwazungumzia wasichana wa Butere waliofika Nakuru na tamthilia ya Echoes of War, iliyotungwa na aliyekuwa seneta wa Kakamega, Cleophas Malala. Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru waruhusiwe kuigiza. Waliimba wimbo wa taifa kisha wakaondoka jukwaani bila kuigiza. Ule ulikuwa mgogoro wa wazi, wenye polisi, mawakili na kamera, na ulistahili kelele zote zilizopigwa. Mimi leo nazungumzia zuio jingine ambalo halina amri ya mahakama wala vitoa machozi. Hutekelezwa kwa kalamu ya jaji, kimyakimya, kwenye sehemu ya karatasi ya alama iliyoandikwa "lugha na matamshi". Nalijua kwa sababu nimewahi kulitekeleza.

Ilikuwa katika mji wa Meru, miaka mingi iliyopita, enzi ambazo bado tuliitwa Mkoa wa Mashariki. Nilikuwa nimerudi na shahada yangu ya uzamifu, mwanaisimu kijana, kifua mbele. Shule moja ya wasichana ilileta mchezo kuhusu mjane anayenyang'anywa shamba na shemeji yake. Msichana aliyeigiza mjane alikuwa hodari kweli. Alisimama kando ya kaburi la kuigiza, leso kiunoni, akaanza kueleza jinsi mumewe alivyofariki. Usiku ule hawakuwa na ndawa. Walikosa ngari ya kumpeleka mgonjwa. Walipofika kwa ndagitari, alikuwa amekata roho.

Ukumbi uliangua kicheko. Msichana alitulia kidogo, akameza mate, akaendelea hadi mwisho. Mimi sikucheka, lakini nilifanya jambo baya zaidi. Niliandika maneno yale matatu, ndawa, ngari, ndagitari, nikayazungushia duara na kuongeza kwamba matamshi yameathiriwa na lugha ya mama, na kwamba yamezua kicheko pasipostahili. Alama zikashuka.

Alasiri ya siku hiyo hiyo, shule nyingine ikaleta mchezo wa kuchekesha. Ndani yake mlikuwa na bawabu Mmeru, mwenye hasira za karibu na rungu mkononi, naye pia akisema ngari na ndawa. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Nami nilicheka nao, kisha nikaandika kwamba mwigizaji ameonyesha ubunifu mkubwa katika kumjenga mhusika. Alama zikapanda.

Maneno yale yale, siku ile ile, kalamu ile ile. Sikuuona ukinzani huo mpaka mwalimu wa ile shule ya wasichana aliponijia nje ya ukumbi, karatasi ya maoni mkononi. Hakuja na ugomvi. Aliuliza kwa upole tu: "Daktari, huyu mama ni wa Igoji. Ulitaka aongee kama nani?" Nilimjibu kitu kuhusu Kiswahili sanifu na viwango vya tamasha. Alinishukuru akaenda zake. Msichana mwenyewe alikuwa amesimama hatua chache nyuma yake akijifuta majivu usoni, na sikumwambia lolote.

Hebu tulitazame jambo lenyewe kitaalamu kidogo. Katika lugha nyingi za Mlima Kenya, sauti ngumu za b, d na g kama zilivyo katika Kiswahili huwa hazisimami peke yake. Huandamana na sauti ya puani, ndiyo maana neno gari likiingia katika lugha hizi hupokelewa kama ngari, na dawa huwa ndawa. Mzungumzaji hajakosea njia. Anafuata kanuni ya sauti za lugha yake kwa ukamilifu, sawa na Mswahili anayelichukua neno la Kiingereza na kulimalizia kwa irabu. Wala hakuna kitu kimoja kiitwacho lafudhi ya Kimeru. Mtu wa Igembe hasikiki kama mtu wa Imenti, Mtharaka hasikiki kama Mchuka, na ukivuka Mto Thuci kuelekea Runyenjes unaingia katika Kiembu, ambacho kina sauti inayokaribia v mahali ambapo Gikuyu ina h. Sikio lililozoea hutambua mtu ametoka bonde gani kabla hajamaliza sentensi ya kwanza. Hiyo ni hazina kwa mwelekezi wa mchezo, kama angeruhusiwa kuitumia.

Na sanifu je? Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja. Uamuzi wa msingi ulipitishwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikaendeleza kazi. Shughuli yake kubwa ilikuwa maandishi: tahajia moja, sarufi moja, vitabu vya shule vya pamoja. Ukimsikiliza mtu wa Lamu, wa Mvita, wa Pemba na wa Dar es Salaam, wote wakisoma ukurasa mmoja wa Kiswahili sanifu, utasikia lafudhi nne, na hakuna jaji atakayewatoa makosa. Kumbe tatizo letu haliko kwenye lafudhi kwa jumla. Liko kwenye lafudhi za bara, na hasa pale zinapotaka kusikilizwa kwa heshima.

Mbona hadhira ilicheka kaburini? Jibu rahisi ni kwamba vijana wana utundu. Jibu la kweli ni kwamba tuliwafunza. Kwa miongo kadhaa lafudhi ya kikabila katika uigizaji wetu imekuwa kengele ya kicheko. Mzee Ojwang' wa Vitimbi alipendwa na Wakenya wote kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, ilhali mwigizaji mwenyewe, marehemu Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu. Sisemi hivyo kumshusha. Alikuwa bingwa, na umahiri wake unathibitisha kwamba lafudhi ni chombo cha sanaa ambacho mtu hujifunza kukitumia. Lakini wanafunzi wake wengi walichukua kicheko wakauacha umahiri. Bawabu, kijakazi, mchuuzi wa miraa, polisi mla rushwa: hao ndio wanaopewa lafudhi. Wakili, daktari, mwanaharakati na mpenzi wa kike huzungumza kama wasomaji wa taarifa ya habari. Mtoto aliyekulia katika mfumo huo akisikia ngari, anacheka kabla hajasikia kilichosemwa.

Kicheko hicho si cha kimaumbile, na ushahidi wangu uko nyumbani. Baba yangu alipofariki, wageni wengi waliofika mazishini hawakujua Kimeru. Walikuwa wenzangu wa kazini kutoka Nairobi, Kisii na Pwani. Mama alisimama kuwashukuru kwa Kiswahili. Akasimulia ugonjwa ulivyoanza, na jinsi ndawa zilivyokataa kufanya kazi. Alisema ndawa, hivyo hivyo. Palikuwa na maprofesa wa Kiswahili watatu pale kwenye viti vya plastiki. Hakuna aliyecheka. Mmoja wao, mzaliwa wa Mombasa, alilia. Nilikumbuka duara langu la wino, na niliona haya mbele ya maiti ya baba.

Kwa hiyo watu wale wale wanaoweza kulia mazishini wanacheka ukumbini. Tofauti iko katika tulichoufanya ukumbi utarajie. Na tuzo ni miongoni mwa vitu vinavyoujenga utarajiaji huo kwa nguvu zaidi, kwa sababu shule huiga kilichoshinda mwaka jana.

Wenzetu walipitia shida hii pia. Uingereza ilikuwa na ubaguzi mkali wa lafudhi, na mwandishi George Bernard Shaw aliutungia mchezo mzima, Pygmalion, ulioigizwa London mwaka 1914. Profesa wa fonetiki anamchukua muuza maua wa mtaani na kumfunza matamshi ya kitajiri hadi watu wa tabaka la juu wanadanganyika. Mchezo huo ukaja kugeuzwa mchezo wa nyimbo, My Fair Lady, ambao mwaka 1957 ulitwaa tuzo ya Tony ya mchezo bora wa nyimbo nchini Marekani. Nimeutumia darasani mara nyingi, na kila mara wanafunzi humcheka muuza maua mwanzoni. Mwishoni huanza kumtilia shaka profesa. Mimi profesa mwenzake huwa nakohoa kidogo na kuendelea na somo.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa August Wilson. Mchezo wake Fences unamhusu Troy Maxson, mzoataka mweusi wa Pittsburgh katika miaka ya 1950. Wahusika wanazungumza Kiingereza cha Wamarekani weusi cha mtaa wao kutoka mwanzo hadi mwisho, wakigombana kwa lugha hiyo, wakisalitiana na kuzikana kwa lugha hiyo. Mwaka 1987 mchezo huo ulipata tuzo ya Tony ya mchezo bora, na James Earl Jones, aliyeigiza Troy, akapata ya mwigizaji bora. Hakuna aliyemwambia mzoataka azungumze kama mtangazaji wa redio ndipo uchungu wake ukubalike. Tujiulize: Troy Maxson angezaliwa Maua au Manyatta, tungempa kombe, au tungemzungushia duara?

Huenda mtu akaniambia kwamba tamthilia zetu zenyewe zimeandikwa kwa sanifu. Ni kweli. Kifo Kisimani cha Kithaka wa Mberia, mwana wa Tharaka, kilichosomwa na kizazi kizima cha wanafunzi wa sekondari, kina Kiswahili safi kinachotiririka. Mstahiki Meya na Bembea ya Maisha za Timothy Arege ziko hivyo, na Kigogo cha Pauline Kea pia. Siwalaumu waandishi. Kitabu ni karatasi, na karatasi haina koo. Neno "gari" lililochapishwa linaweza kutamkwa kwa lafudhi yoyote atakayoichagua mwigizaji na mwelekezi wake. Ndiyo maana mzigo huu unaangukia zaidi wale wanaolipeleka andiko jukwaani, na wale wanaokaa mbele na kalamu. Sara wa Bembea ya Maisha, mama mgonjwa wa kijijini, anaweza kuzungumza kwa sauti ya Igoji bila neno hata moja la mwandishi kubadilishwa.

Lipo pingamizi zito zaidi, nalo ni la walimu. Wanasema: Prof, wewe umeshastaafu kusahihisha insha za watoto. Sisi tunapambana kila siku na athari za lugha ya mama. Ukituza "ndawa" jukwaani, kesho mtoto ataandika "ndawa" kwenye mtihani wa KCSE, na mtahini hatajali kwamba mjane alikuwa wa Igoji. Nalichukua pingamizi hili kwa uzito, maana anayeumia ni mtoto. Lakini naona linachanganya mambo mawili. Mtoto anayejua kwamba yeye husema dawa, na kwamba mhusika wake husema ndawa, anajua Kiswahili zaidi ya yule anayejua moja tu. Ameweza kusimama nje ya ulimi wake na kuutazama. Hilo ndilo somo ambalo isimujamii inajaribu kufundisha chuoni kwa mihula minne. Hatari iko kwa mtoto asiyejua tofauti, na huyo hataponywa kwa kuondolewa alama ukumbini bila maelezo.

Wala sisemi kila tamshi lisamehewe. Hapo ningekuwa napalilia uvivu. Jaji ana haki ya kuuliza maswali matatu. Kwanza, je, lafudhi hii ni ya mhusika au ni ya mwigizaji aliyeshindwa? Njia moja ya kujua ni uthabiti. Mjane akisema ndawa kaburini na dawa mbele ya chifu, ama amepoteza mhusika, ama mtunzi anatuonyesha mtu anayejikaza mbele ya mkubwa, na jaji makini atatambua ni lipi. Pili, je, maneno yanasikika? Lafudhi na kumeza maneno ni vitu viwili. Mwigizaji asiyesikika viti vya nyuma apoteze alama hata kama ni mzaliwa wa Lamu. Tatu, lafudhi imewekwa pale kwa kazi gani? Ikiwa kazi yake yote ni kumfanya Mmeru, Mluhya au Mkamba aonekane mjinga, basi hapo ndipo kalamu ingepaswa kuwa kali. Cha kushangaza ni kwamba hapo ndipo sisi majaji tumekuwa wakarimu.

Nairobi nako kuna tuzo za maigizo za watu wazima, zikiwemo Kenya Theatre Awards, na maigizo yao yanazidi kuchanganya lugha kama watu wa mjini wanavyozichanganya. Hilo linatia moyo. Lakini mwigizaji wa Nairobi alianzia mahali, na mara nyingi mahali penyewe ni tamasha la shule. Akifika huko akiwa tayari ameamini kwamba sauti ya mamake ni ya vichekesho, ataibeba imani hiyo hadi kwenye majukwaa makubwa na kamera za televisheni, na tutaendelea kumwona bawabu yule yule akija na rungu lake.

Nilimpigia mwalimu wa Embu wiki ilipokwisha. Nilimwambia ampe msichana nafasi ya mhusika mkuu. Nikamwomba mambo mawili: amfunze ajue kila anapoiacha sanifu na kwa nini, na mazoezi yafanywe mbele ya wanafunzi wengine mpaka kicheko chao cha kwanza kiishe, ndipo waanze kusikia maneno. Akanyamaza kidogo kwenye simu.

"Sawa, Prof. Na jaji akimtoa alama?"

"Muulize," nikamwambia, "alitaka huyo mama aongee kama nani."